Mwanangu anasema haiumi, kumbe anaogopa sindano

Shangazi, jambo sana.

Mimi ni mama wa watoto 4, naishi Katuba, hapa Lubumbashi. Nakuandikia kwa ajili ya mtoto wangu wa tatu, kijana wa miaka 7 ambaye nyumbani tunamwita Kadogo. Kadogo ana SS, ule ugonjwa wa damu wa kurithi unaoleta maumivu ya mifupa. Tulijua akiwa na miezi 10, vidole vyake vya mikono na miguu vilipovimba kama vitumbula. Tangu hapo sindano ni sehemu ya maisha yetu: damu ya labo, seromu (dripu), kuongezewa damu, malaria, tena damu ya labo.

Mwezi wa sita, wakati ule wa baridi ambapo asubuhi hata maji ya kunawa yanakata mikono, Kadogo alianza kukaa sana. Alikaa kwenye kibao karibu na mbabula, jiko letu la makaa, haondoki. Nikamuuliza, “Kadogo, miguu inakuluma?” Akajibu, “Hapana mama, hailume.” Usiku nikauliza tena. Hailume. Kesho yake akatoka nje, akasimama golini wenzake wakicheza mpira, akacheka nao. Nikajisemea, leo Mungu amesaidia.

Jioni nilipomvua sweta ili aoge, niliona mkono wa sweta umetafunwa. Nyuzi zimekatika, zimelowa mate. Alikuwa anauma sweta ili tusimsikie. Nilipogusa paja lake la kushoto alinishika mkono, akaniangalia tu, machozi yanashuka bila sauti. Halafu akasema, “Mama, usimwambie papa. Tusiende kwa shindano.”

Tulienda. Walitafuta mshipa mara 5, watu 4 wamemshika. Nkambo yake, bibi mzaa baba, alikuwa anamwambia, “Nyamaza, ukilia watakuongezea ingine.” Baba yake alisimama mlangoni anasema mwanaume halii. Na mimi nilikuwa nasema pole, pole, haiumi, inaisha sasa hivi, huku mimi mwenyewe nalia.

Kilichonichanganya zaidi ni kesho yake. Muuguzi alikuja na karatasi yenye picha za nyuso, ya kwanza inacheka, ya mwisho inatoa machozi. Akamwambia kwa Kifaransa achague. Kadogo akaweka kidole kwenye uso unaocheka. Muuguzi akaandika sifuri, akaenda kitanda kingine. Sifuri, Shangazi! Mtoto ambaye hakuweza kugeuka bila kushikwa.

Kuna jambo lingine, naona aibu kulisema. Siku ile tulimdanganya. Nilimwambia tunaenda Soko la Kenya, hapa hapa mjini, kununua viatu, tukashukia hospitali. Sasa kila nikichukua kikapu ananiuliza, “Soko gani?” na anashika mguu wa meza.

Je, mtoto wangu amekuwa mwongo? Nitajuaje anapoumia kweli? Na sindano tutafanyaje, maana hatuwezi kuziepuka? Tena ana mdogo wake wa wiki 5, wiki ijayo anaanza chanjo ya Penta. Nkambo anasema mtoto mchanga hasikii kitu, atasahau. Ni kweli?

Mama wa Katuba

*

Mama Kadogo, jambo sana, na asante kwa kuandika yote, hata lile la soko. Nitalirudia.

Nianze na hilo la uongo, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Kadogo hakudanganya. Alipiga hesabu. Ana miaka 7 na tayari anajua neno “inaluma” linagharimu nini: ukilisema unapandishwa kwenye pikipiki, unalazwa, unashikwa na watu wanne, unatobolewa mara tano. Mfupa unauma, ndiyo, lakini maumivu ya mfupa ameyazoea, anajua yanaanza vipi na yanapoa vipi. Kati ya mawili akachagua lile analolijua. Sisi wakubwa wenye jino bovu hufanya hivyo hivyo. Tunasukutua maji ya chumvi mwezi mzima, mtu akituuliza tunasema, “Aa, limetulia,” kwa kuogopa koleo tu.

Kabla sijakaa kujibu barua nilikuwa muuguzi, na nimewashika watoto wengi kama Kadogo alivyoshikwa. Nilikuwa na maneno yangu: “Ni kama siafu tu, mara moja.” Siku moja msichana wa kama miaka 6, nimeshamaliza, nimeshabandika pamba, akaniangalia akaniuliza, “Siafu wa wapi?” Sikulisema tena neno lile.

Basi swali lako la kweli ni hili: tufanye nini ili kusema “inaluma” kusimgharimu Kadogo kuliko kunyamaza? Yote nitakayokuambia yanatoka hapo.

Ile karatasi ya nyuso kwanza. Si kitu kibaya, na aliyeileta alikuwa na nia njema, ila zipo karatasi za aina zaidi ya moja. Hiyo yenye uso unaocheka na uso wenye machozi ilibuniwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hospitali nyingi duniani zinaitumia. Shida yake ni kwamba kucheka na kutoumwa ni mambo mawili. Mtoto anaweza kuchagua uso unaocheka kwa sababu ndio uso mzuri, au kwa sababu ndivyo anavyotaka awe, au kwa sababu uso wenye machozi ni wa watoto wanaolia, na yeye ameshaambiwa mwanaume halii. Mwaka 2001 watafiti walitoa karatasi nyingine yenye nyuso 6 ambazo hazina tabasamu wala machozi. Uso wa kwanza umetulia tu, halafu nyusi zinaanza kukunjana, macho yanafumba, mdomo unapanuka. Inafaa kuanzia miaka 4 au 5 hivi, ingawa wadogo kabisa hupenda kuchagua mwanzo au mwisho tu, katikati hawapaoni. Kadogo wa miaka 7 ataiweza, mradi aulizwe kwa lugha anayoiotea ndoto. Kuulizwa kwa Kifaransa na mtu aliyevaa koti jeupe, mwenye trei mkononi, huo kwa mtoto ni mtihani. Na katika mtihani mtoto hutafuta jibu linalompendeza mwalimu.

Hata kwa Kiswahili, mama, uangalie unavyouliza. Neno letu ni lile la meno: mbwa anauma, mfupa unauma, sindano inauma, na watoto wa hapa kwetu wanasema inaluma. Halafu ukimuuliza mtoto “unaumwa?” anaweza kusikia “wewe ni mgonjwa?”, na mgonjwa anapelekwa wapi? Kwa hiyo acha maswali ya ndiyo na hapana. Mwulize ni wapi, aonyeshe kwa kidole. Mwulize inafanyaje: inachoma? inakata? inapwitapwita? inavuta? inabana kama kamba? Utashangaa watoto wanavyojua kutofautisha. Kijana mmoja mwenye SS aliwahi kuniambia kwamba mfupa “unagonga mlango toka ndani”, na sindano “inaingia bila kupiga hodi”. Sijapata maelezo bora kuliko hayo kwenye kitabu chochote cha uuguzi.

Tenganisha pia woga na maumivu, kwa sababu mtoto huyachanganya na sisi tunayachanganya naye. “Uliogopa kiasi gani?” ni swali moja. “Iliuma kiasi gani?” ni lingine. Wapo watoto ambao sindano yenyewe iliwauma kidogo sana, ila woga ulikuwa umejaa chumba kizima tangu harufu ya ile spiriti. Wengine hawaogopi kabisa na inawauma sana. Dawa zake ni tofauti.

Sasa chukua vifuniko 4 vya soda, vioshe, uviweke kwenye kikopo karibu na kitanda chake. Mwambie hivi ni vipande vya maumivu. Kimoja ni maumivu kidogo tu, vinne vyote ni maumivu makubwa kuliko yote. Ukimuuliza, asiseme neno, akupe vifuniko tu. Njia hii si yangu, wauguzi wa watoto wameitumia tangu mwisho wa miaka ya 1970, wenzetu wakitumia vibao vya kuchezea karata. Faida yake kwa mtoto kama Kadogo ni kwamba mdomo haufunguki. Mtoto aliyejizuia kusema kwa siku mbili, akauma sweta, bado anaweza kukuwekea vifuniko vitatu kwenye kiganja gizani bila baba yake kusikia.

Ila mfanye mazoezi siku njema. Akijikwaa kidole, “Vifuniko vingapi?” Ndugu yake akipigwa mpira usoni, “Na yeye?” Ukianza siku ya mfupa umechelewa.

Halafu, na hili ndilo zito, mwekeane ahadi juu ya kinachofuata vifuniko. Kifuniko kimoja au viwili: maji ya kunywa mengi, blanketi, kitambaa cha moto mahali panapouma, na dawa ya kunywa ambayo daktari ameshaandika kwa kilo zake. Mwambie wazi: “Ukiniambia mapema, sindano si kitu cha kwanza.” Na ni kweli, wala si maneno ya kumtuliza. SS huchochewa na baridi, na ukavu wa mwili, na homa. Chembe za damu zinapinda kama mundu, ndiyo maana jirani zetu wa Tanzania wanauita ugonjwa huu selimundu, zinakwama kwenye mishipa midogo. Mji wetu uko juu, mita kama 1,200, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba unajua wewe mwenyewe. Maumivu yakikamatwa asubuhi ya kwanza kwa maji, joto na dawa, mara nyingine yanarudi nyuma. Yakiachwa siku mbili kwenye kibao karibu na mbabula, ndipo yanapohitaji seromu. Yaani kule kunyamaza ili akwepe sindano ndiko kulikomleta kwenye sindano tano. Mwonyeshe hilo taratibu siku ametulia, asilione kama lawama.

Vikifika vitatu au vinne na dawa haijasaidia, mtaenda. Utamwambia mnaenda, na mnaenda wapi.

Hapa niseme neno kwa wazazi wote, si wewe tu. Huku kwetu watu wanaamini dawa ya sindano ndiyo dawa. Mgonjwa akipewa vidonge anaona hakutibiwa. Muulize daktari kila mara bila kuona haya: “Dawa hii ipo ya kunywa?” Shirika la Afya Duniani, OMS, katika mwongozo wake wa 2012 kuhusu maumivu ya watoto, lilisema dawa ya maumivu ipite mdomoni inapowezekana, hata morfini ipo ya kunywa, na sindano ya kwenye nyama iepukwe kwa sababu yenyewe inaumiza. Fikiria: mtoto anakuambia inauma, unampiga sindano ya matako ili isiume. Mara ya pili atasema? Na wale wanaoita mtu wa mtaani aje apige kinini ya matako sebuleni, waache kabisa. Mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni unapita pale pale, nimeona watoto walioingia wakitembea wakatoka wanaburuta mguu. Mtoto akichechemea baada ya sindano ya matako, asiambiwe anadeka, arudishwe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Tuje kwenye siku yenyewe ya kutafuta mshipa.

Usimwambie haiumi. Usimwambie pia itauma sana. Mwambie, “Utasikia kusukumwa, labda kuchomwa kidogo, ukisikia kitu kingine utaniambia.” Kwa umri wake, kumwambia asubuhi ile au jana yake kunatosha, ukimwambia wiki nzima kabla atakaa wiki nzima anasubiri. Na hili la pole, Mama Kadogo, litakushangaza. Watafiti wa Kanada waliosikiliza kwa makini maneno ya wazazi wakati wa sindano waliona kwamba “usijali, hamna kitu, pole, inaisha” yakirudiwarudiwa, mtoto huzidi kuogopa. Mtoto hasikilizi neno, anasikiliza sauti, na sauti ya mama inatetemeka. Anajiuliza: kama hamna kitu, mbona mama yuko hivi? Sasa sisi tutaishije bila pole? Hata mtu akidondosha kijiko tunampa pole. Basi mpe moja, nzuri, baada ya sindano kutoka. Wakati sindano inaingia, kinywa chako kiwe na kazi nyingine.

Kazi gani? Mkalishe mapajani, mgongo wake kifuani kwako, mkono wako mmoja umemkumbatia, mkono wake unaotobolewa umelazwa kwenye mto. Kulazwa chali na kushikwa na watu wanne ni kitisho hata kabla ya sindano. Ukilazwa wewe leo hivyo utapiga mateke. Mwombe muuguzi kwa heshima, wengi watakubali, maana mtoto aliyekaa vizuri anamrahisishia na yeye. Mpe Kadogo jambo la kuchagua: mkono wa kulia au wa kushoto, atazame au asitazame. Usimwulize kama anataka sindano, hapo hana uchaguzi na anajua. Mwambie apulize. Maji ya sabuni na kijiti cha kupulizia mapovu ni kitu cha senti chache, na pumzi ndefu ya kutoka nje inalegeza mwili wote. Kama hakuna sabuni, apulize kidole chako kama mshumaa, wewe ukikataa kuzimika. Au akuhesabie magari yaliyokwama njia panda. Au akuambie nani kafunga goli Jumamosi, na wewe umpinge.

Kuhusu mshipa wenyewe: mnyweshe maji tangu asubuhi kama daktari hajakataza, na mpashe mkono moto kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu kabla hajatobolewa. Mshipa uliopata maji na joto unajitokeza, ule wa mtoto mkavu mwenye baridi unajificha. Na wauguzi wengi wa watoto wana kanuni: ukikosa mara mbili, muite mwenzako. Una haki ya kuiomba. Sema, “Mama, naomba dada mwingine ajaribu,” kwa upole, bila kumwaibisha mtu. Mara tano ni nyingi mno, na ninasema hivyo nikijua mishipa ya watoto wa SS ilivyochoka. Kuna pia mafuta ya kufisha ganzi ngozi, yenye lidokaini na prilokaini, yanayopakwa na kufunikwa kama saa 1 kabla. Si rahisi kuyapata na bei yake si ya kila mtu. Ukiyaona kwenye famasi usinunue kabla ya kumuuliza daktari wa Kadogo, maana hayafai kila mtoto.

Kitu kimoja utakachosikia kwa watu ni barafu: weka barafu kwenye ngozi, inakufa ganzi. Kwa mtoto mwingine sawa. Kwa Kadogo, hapana. Baridi na SS ni maadui.

Sasa nkambo. Nampa heshima yake, amelea watoto wengi, na haogopi kuamka usiku. Ila ile “ukilia watakuongezea ingine” ikome, na nadhani aambiwe na mwanawe, si na wewe mkwe. Ni maneno yanayosemwa na nusu ya mji huu, hata na watu ambao mtoto wao ni mzima kabisa: “Kula bukari, dokta anakuja na shindano!” Halafu siku mtoto ameugua tunashangaa anajificha chini ya kitanda. Na baba yake aambiwe hivi: mtoto aliyefundishwa kutolia ndiye aliyekaa siku mbili na mfupa unaomtafuna, na kidogo tu tungemchelewa. Sidhani kama baba yeyote atabishana na lile sweta. Usilishone. Mwonyeshe.

Na nkambo asiwasimulie wageni habari ya zile mara tano. Najua ni namna ya kumhurumia, lakini kila akisimulia, sindano zinaongezeka na mtoto yupo pale anasikiliza. Watafiti wameona kwamba mtoto anayekumbuka maumivu makubwa kuliko aliyoyasema siku yenyewe, sindano inayofuata humwuma zaidi. Kumbukumbu bado ni unga mbichi siku za kwanza, unaweza kuikanda. Mkirudi nyumbani mwulize, “Ulipopuliza yale mapovu, kubwa lilifika wapi?” Usikane kwamba iliuma. “Iliuma, ndiyo. Na wewe ulishika mkono wako ukatulia mpaka bendeji.” Likiwa la kweli tu, mtoto anajua sifa ya bure.

Kuhusu mdogo wake: si kweli kwamba mtoto mchanga hasikii. Hata madaktari waliwahi kuamini hivyo. Mpaka miaka ya 1980 kuna watoto wachanga waliopasuliwa huko Ulaya na Marekani bila dawa ya kutosha ya maumivu, mpaka daktari Kanwaljeet Anand na wenzake walipoonyesha mwaka 1987 jinsi miili yao ilivyokuwa inateseka. Na hasahau vile nkambo anavyofikiri. Mwaka 1997 watafiti wa Kanada, akiwemo Anna Taddio, waliwatazama watoto wa kiume wakichanjwa wakiwa na miezi 4 hadi 6. Wale waliotahiriwa bila dawa ya maumivu walipokuwa wachanga walilia zaidi kuliko wengine. Hawana hadithi ya kusimulia, lakini mwili umeshika.

Kwake ni rahisi. Mweke kwenye ziwa kabla ya Penta na aendelee kunyonya sindano ikiingia. OMS ilipendekeza hivyo mwaka 2015. Chanjo ya matone itangulie, sindano zifuate, na ile inayouma zaidi iwe ya mwisho. Kwa umri wake ni paja, si tako. Basi.

Kwa kuwa huyu mdogo hawezi kukupa vifuniko, msome mwili: uso umekunjika au umelegea, miguu imetulia au inapiga, anajinyonganyonga, analia vipi, na anabembelezeka au hapana. Hivyo vitano wauguzi huvipa alama 0 mpaka 2 kila kimoja. Kwa Kadogo visitangulie neno lake. Mtoto mwenye maumivu ya muda mrefu anaweza kucheka, kucheza, kulala usingizi kabisa, kwa kuchoka tu. Ulimwona golini ukafikiri amepona. Ungejuaje? Lakini kumbuka, alichagua goli. Hakukimbia.

Yapo mambo ambayo hayasubiri vifuniko, hata akikupa sifuri: homa ya 38.5 au zaidi, kifua kuuma au pumzi fupi, kupauka ghafla, tumbo kuvimba upande wa kushoto, upande mmoja wa mwili kulegea au maneno kuvurugika, kichwa kuuma kuliko kawaida. Na kwa kuwa ni mvulana, uume ukisimama ukamwuma na haulali; hili watoto huona haya kulisema kwa mama, basi baba yake amwambie mapema kwamba si kosa lake na alitaje mara moja. Hapo mnakwenda usiku huo huo, mvua au baridi.

Sasa soko. Mwombe Kadogo radhi, kwa maneno machache: “Siku ile nilikuambia soko, tukaenda hospitali. Nilikosea. Sitafanya tena.” Usimweleze sababu zako, hazihitaji. Halafu mpeleke Soko la Kenya, ile Kenya yetu, si nchi. Mwambie kabla hamjatoka mnaenda kununua nini. Akishika mguu wa meza, mwache aushike, muende siku nyingine. Akikubali, nunueni vile viatu, mnywe munkoyo pale kwa mama wa pembeni, mrudi nyumbani kwa njia ile ile mliyoendea. Wiki inayofuata muende tena, hata kwa ajili ya nyanya tu.